Mimi natosheka na vyerehani vitatu, mke wangu anataka karakana

Kwako Mshauri,

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, na umri wangu ni miaka 43. Nina kibanda kimoja, vyerehani vitatu na vijana wawili ambao huwalipa kulingana na idadi ya nguo wanazoshona. Cherehani cha kwanza nilikirithi kwa marehemu baba, ambaye ufundi wake aliupatia katika kiwanda cha nguo cha KICOMI kilichokuwa hapa mjini kabla hakijafungwa. Nashona magauni ya harusi, sare za kwaya na mapazia, lakini sehemu kubwa ya siku yangu huenda kwa marekebisho ya mitumba, kwa sababu mtu akishanunua suruali sokoni humo humo hunijia niibane kiuno au niipunguze miguu. Katika mwezi wa kawaida, nikishawalipa vijana, kodi ya kibanda, umeme na uzi, hubaki na kati ya shilingi 28,000 na 35,000. Najua si nyingi, lakini sidaiwi na mtu, nafunga kazi saa kumi na moja jioni, nakula na watoto wangu, na Jumapili sifungui kibanda kwa sababu huimba kwaya kanisani.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tumekuwa katika ndoa kwa miaka 18 na Mungu ametujalia watoto watatu: binti aliye Kidato cha Tatu katika shule ya bweni, mvulana wa Gredi ya 7 na kitinda mimba wa Gredi ya 3. Karo ya binti hulipwa na mke wangu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na bima ya afya ya familia hukatwa kwenye mshahara wake, ilhali mimi hugharamia chakula, kodi ya nyumba na nauli. Tumeishi hivyo kwa amani.

Amani hiyo ilitikisika mwezi wa Aprili. Shemeji yangu, ambaye ni kaka wa mke wangu, anafahamiana na walimu wakuu wa shule mbili za sekondari pevu, akatuletea habari kwamba shule hizo zinatafuta fundi wa kuwashonea sare wanafunzi wa Gredi ya 10 watakaoingia Januari 2027. Kila shule inatarajia wanafunzi wapya wapatao 350, na kwa hesabu ya shemeji, kila seti itaniachia faida ya shilingi 400. Ili niiweze kazi hiyo, itanibidi nikodi ukumbi upande wa Mamboleo, ninunue vyerehani vya umeme, ovaloki mbili za kushonea kingo za nguo na mashine ya kutobolea vifungo, kisha niajiri mafundi wanane. Gharama yote ni kama shilingi 900,000, nayo ingetoka benki kwa mkopo wa miaka mitatu, marejesho yakiwa karibu shilingi 31,000 kila mwezi. Dhamana ingekuwa hati ya shamba letu la nusu ekari kule Vihiga, ambako tumejenga nyumba yetu. Hati ina jina langu. Mke wangu hawezi kukopa zaidi, maana pesilipu yake imefika mwisho wa makato yanayoruhusiwa.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba nimeridhika na nilicho nacho, na kwamba lengo langu ni kuwasomesha watoto, kumaliza ukuta wa nyumba ya Vihiga na kuwafundisha vijana wangu wawili mpaka nao wajitegemee. Alinyamaza kwa siku kadhaa, halafu akaniambia maneno ambayo bado yananichoma: kwamba ameolewa na mwanamume asiye na ndoto, na kwamba hata Jumapili, siku ambayo Kibuye yote hufurika watu, mimi nimefunga mlango. Tulipohudhuria semina ya wanandoa kanisani, mhubiri alisema mwanamume anayeogopa kuota makubwa anawaibia wanawe, na mke wangu akanigeukia na kunitazama mbele ya watu.

Mshauri, si kwamba sijui hasara. Kaka yangu mkubwa aliweka rehani sehemu yake ya urithi ili anunue matatu, gari likapata ajali kabla deni halijaisha, na ardhi ikauzwa. Leo anaishi kwa kupanga. Mimi nimechagua kutosheka, lakini kila mtu hulitaja neno hilo kana kwamba ni ugonjwa. Je, ni kosa kwa mwanamume kuridhika na kidogo? Nimsikilize mke wangu na kuhatarisha nyumba, au nishikilie msimamo wangu na kuhatarisha ndoa?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu fundi,

Nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa kutaja viwango vya pesa waziwazi, jambo ambalo wengi wanaoniandikia kuhusu fedha huliepuka, kisha wakataka niwapimie nguo bila kuwaona. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona kwamba ndani yake umefunga maswali mawili katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kama mchukue mkopo huu wa shilingi 900,000. La pili ni kama wewe ni mwanamume asiye na ndoto. Nahisi hilo la pili ndilo lililokufanya ushike kalamu, na ndilo linalokuzuia kulitazama la kwanza kwa utulivu, kwa kuwa mtu aliyeambiwa maneno kama hayo, na akatazamwa hivyo mbele ya waumini wenzake, hawezi tena kuzungumza juu ya ovaloki bila kuona kwamba heshima yake ndiyo inayojadiliwa.

Basi nianze na heshima hiyo. Umeniandikia malengo matatu: kusomesha watoto, kumaliza ukuta, na kuwalea vijana wawili katika ufundi hadi wajitegemee. Hizo ni ndoto, na ya tatu naiona kuwa kubwa kuliko unavyoihesabu, kwa sababu kijana anayetoka mkononi mwa fundi akiwa na kazi inayomlisha ni jambo ambalo mji wa Kisumu unalihitaji sana. Mhubiri wenu ana haki ya maoni yake, ila sikubaliani naye kwamba ukubwa wa ndoto hupimwa kwa idadi ya mashine. Hata wahenga tunaowategemea hawatusaidii kuamua, kwani ni wao wao waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ni wao tena waliosema kwamba mtaka yote hukosa yote. Kila mtu huchota methali inayomfaa.

Hata hivyo, naomba uniruhusu nikurudishe kwenye sentensi moja uliyoipita haraka. Umesema kwamba karo ya binti hulipwa na mke wako kwa mkopo, kwamba bima ya afya hukatwa kwenye mshahara wake, na kwamba pesilipu yake imefika mwisho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake, kwa hiyo maneno yako yana maana kwamba mkeo hurudi nyumbani kila mwezi na kitu kinachokaribia theluthi moja tu ya anachokifanyia kazi. Umeandika pia kwamba hudaiwi na mtu. Ni kweli kwamba wewe hudaiwi, lakini nyumba yenu inadaiwa, na deni lote limeandikwa kwa jina la mtu mmoja. Sisemi hili ili kukulaumu, kwa sababu mgawanyo huo mliupanga pamoja na chakula na kodi unavyovilipa si vitu vidogo. Nauliza tu kama utulivu wako wa saa kumi na moja jioni hautegemei, kwa sehemu fulani, mshahara ambao mwenzako hauoni ukipita mikononi mwake.

Likitazamwa kutoka upande huo, ombi lake huenda si tamaa. Huenda ni uchovu. Mtu aliyebeba mkopo, bima na karo kwa miaka, na ambaye hawezi tena kukopa hata binti akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, anapomwona kaka yake akija na habari ya zabuni huona mlango wa kupumulia, na mume anapoufunga mlango huo kwa kusema ameridhika, yeye husikia kwamba mume ameridhika na hali ambayo yeye inamlemea. Sina hakika kwamba ndivyo anavyohisi, kwa kuwa nimekusikia wewe peke yako. Lakini ningependa umuulize, na umuulize siku ambayo shemeji hayupo wala semina haijatoka kufanyika: ni jambo gani katika maisha yetu ya sasa linalokuchosha kuliko yote? Akijibu kwamba ni mkopo wa karo, mtakuwa na mazungumzo tofauti kabisa na yale ya karakana, maana mkopo wa karo waweza kupunguzwa kwa njia ambazo hazihitaji hati ya shamba.

Kuhusu mpango wenyewe, niliketi na takwimu ulizonipa. Marejesho ya shilingi 31,000 kwa mwezi ni shilingi 372,000 kwa mwaka. Wanafunzi 350 katika shule mbili ni 700, na faida ya shilingi 400 kwa seti ni shilingi 280,000. Kuna pengo la shilingi 92,000, na hapo nachukulia kwamba kila mzazi atanunua kwako, na kwamba ile 400 imehesabiwa baada ya kulipa mafundi wanane na kodi ya ukumbi, jambo ambalo barua yako haisemi. Kwa upande mwingine, wapo wazazi hununua mashati mawili, na wanafunzi wa madarasa ya juu hukua na kuhitaji suruali mpya, hivyo mapato yanaweza kuzidi hesabu hii. Muulize shemeji pia kama seti hiyo ina sweta ndani yake. Wewe wajua kuliko mimi kwamba sweta hufumwa, hazishonwi, na kama itakubidi uzinunue kwa wafumaji, basi faida ya shilingi 400 ina mwenye kuigawana nawe.

Lipo pia suala la msimu. Sare huuzwa kwa wingi kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari, kisha biashara hulegea, ikichangamka kidogo tu shule zinapofunguliwa kwa muhula wa pili na wa tatu, ilhali benki hudai Juni kama inavyodai Januari. Na msimu wenyewe hauna uhakika tunaoudhania. Unakumbuka bila shaka mwaka 2025: mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi katika mtaala wa zamani, ulikuwa umefanywa mwaka 2023, Kidato cha Kwanza cha mwisho kikaingia mwaka 2024, na Januari iliyofuata hapakuwa na Kidato cha Kwanza chochote, kwa kuwa watoto wa Gredi ya 8 walipanda tu Gredi ya 9 katika shule zao za sekondari msingi. Fundi aliyekuwa amekopa akitegemea sare za wanafunzi wapya wa sekondari alipitiwa na mwaka mzima bila wao, na hakuwa amekosea lolote katika kazi yake. Isitoshe, maafisa wa elimu wamekuwa wakiwaonya walimu wakuu dhidi ya kuwalazimisha wazazi kununua sare kwa muuzaji mmoja, kwa hivyo ahadi inayotegemea urafiki wa shemeji na walimu wakuu wawili inaweza kubadilika mmoja wao akihamishwa au akionywa.

Ningependa mkeo naye aulizwe jambo moja. Januari, wakati karakana itakapomhitaji mtu wa kupokea wazazi, kupokea pesa na kusimamia mafundi wanane, yeye atakuwa darasani akipokea wanafunzi wake. Kama anatumaini kwamba karakana itampunguzia mzigo, inafaa mwone pamoja ni nani atakayeubeba katika wiki hizo.

Sasa, ndugu yangu, usiichukue hesabu hii ukaipeleka nyumbani kama ushindi. Kubaki ulipo nako kuna hatari zake, na hizo hazikuandikwa katika barua yako hata kidogo. Mvulana wako wa Gredi ya 7 ataingia sekondari pevu baada ya miaka mitatu, na wa mwisho atamfuata. Mkeo ana pensheni ya mwalimu inayomngoja akistaafu. Wewe una vyerehani, mgongo na macho, na kila fundi ajua macho huanza kukataa tundu la sindano katika umri gani. Hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, NSSF, hupokea michango ya hiari kutoka kwa watu waliojiajiri, na bado sijasikia kutoka kwako kama unaweka chochote huko au kwingineko. Maisha ya kiasi yana bajeti yake, na anayeyachagua anapaswa kuweza kuionyesha kwa mwenzake kwenye karatasi, kama vile anayetaka mkopo anavyotakiwa kuionyesha benki. Huenda ungesikilizwa zaidi kama, badala ya kusema umeridhika, ungesema: nimeridhika, na hivi ndivyo karo ya mvulana itakavyolipwa.

Kuhusu kaka yako na matatu yake, naelewa kwa nini hadithi hiyo haikutoki. Ila iliyomwangusha ni ajali, na hatari za sare ni nyingine. Ukimjibu mkeo kwa hadithi ya kaka, utakuwa umeyakataa mambo ambayo yeye hakuyaomba.

Kati ya kibanda cha sasa na karakana ya watu wanane kuna nafasi pana ambayo nashangaa kwamba hakuna kati yenu watatu aliyeitaja. Mnaweza kuomba shule moja badala ya mbili, ukanunua ovaloki moja iliyotumika kwa akiba, na kazi inayozidi ukawagawia mafundi wenzako wa Kibuye kwa malipo ya kila nguo. Hatari yake ni kwamba mshono wa jirani ukilegea, lawama zitakuja kwako, na huenda mwalimu mkuu asikubali fundi asiye na ukumbi. Mnaweza kuwataka wazazi watoe arubuni mapema ili kitambaa kinunuliwe bila benki, lakini pesa za watu zikishakuwa mkononi, kuchelewa kwa siku chache huwa kesi. Mnaweza kuliacha jambo la sare kabisa, ukachukua sehemu ya karo ya binti ili mkopo wa ushirika upungue, ukaongeza kipato kwa kumwachia mmoja wa vijana wako kibanda siku ya Jumapili, huku wewe ukienda kwaya kama kawaida. Hapo dhamiri yako ndiyo ya kuamua kama Jumapili ni ya kupumzika kwako tu au ni ya kibanda chote pia. Na njia ya mkopo mkubwa haijafungwa. Wapo waliokopa hivyo wakafaulu, ingawa ningewashauri mwone kwanza barua ya shule iliyotiwa sahihi kabla ya kuitoa hati kabatini.

Juu ya hati hiyo kuna jambo la kisheria ambalo ni vizuri mlijue nyote wawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mkeo angekupa ridhaa hiyo leo, hilo halina shaka, lakini nalitaja kwa sababu nyingine. Sheria imetambua kwamba kuhatarisha nyumba ni uamuzi wa wawili. Hakuna sheria inayodai sahihi ya mke pale mume anapoamua kwamba mambo yabaki kama yalivyo, ingawa uamuzi huo nao unamgharimu mtu. Hapo ndipo mngehitaji kujitungia utaratibu wenu.

Umeniuliza kama uhatarishe nyumba au ndoa. Sioni bado kwamba umefika kwenye njia panda hiyo, maana mpaka sasa mmejibizana kuhusu jibu la shemeji, na hamjaketi kulijibu swali lenu wenyewe. Chukueni jioni moja, pesilipu ya mke ikiwa mezani, daftari lako la kibanda likiwa mezani, na ratiba ya mkopo wa ushirika pia, na mhesabu ni kiasi gani kinachopungua kila mwezi kwa kweli. Kiasi hicho ndicho kitakachowaambia kama mnahitaji vyerehani kumi, viwili, au Jumapili chache tu.

Kisha mpeni shemeji jibu kabla muhula wa tatu haujaanza, kwa sababu kitambaa cha Januari hununuliwa mapema na walimu wale wakuu watahitaji muda wa kumpata fundi mwingine mkikataa. Jibu lolote mtakalolifikia, mpelekeeni pamoja, wewe na dada yake, ili asidhani kwamba mmoja wenu alishindwa na mwenzake.

Mshauri